Meza ya Chianti, Meza ya Kedowa

Anayekwenda Kericho kutoka Nairobi kwa barabara ya chini hupita kanisa dogo la mawe kabla hajafika Mai Mahiu. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitalia, wafungwa wa kivita waliotekwa kwenye mapigano ya Ethiopia na Somalia, wakaletwa Kenya na Waingereza na kutumikishwa kuchonga barabara hiyo hiyo inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa. Wenzao wengine walipandishwa hadi kambi ya Londiani, jirani na Kedowa, kwenye baridi inayopenya koti. Hiyo peke yake ingetosha kuziweka nchi hizi mbili katika daftari moja, lakini ninayo sababu ya karibu zaidi. Niliwahi kuzunguka mashamba ya Chianti, mkoa wa Toscana, pamoja na kikundi kidogo cha watu waliolipia kula na kuonja mvinyo kwa wakulima wenyewe. Safari hii tulikodi matatu ya viti 14, tukapanda nusu ya idadi hiyo, tukaenda kufanya vivyo hivyo Kedowa, Kericho na Bomet.

Mimi ni mtu wa Mombasa na pombe sitii kinywani. Kule Chianti nilinusa glasi, nikasikiliza maelezo, kisha nikampa jirani yangu anywe. Zilikuwa siku za mwisho za mavuno, na mwenye shamba alinitolea maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi ile, mazito na matamu mno. Heshima aliyonifanyia sijaisahau. Chai, kwa upande wake, naijua tangu utotoni. Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na mtoto aliyekulia karibu na maghala ya Shimanzi huijua harufu ya majani makavu kabla hajajua kusoma. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kongo huletwa kuuzwa pale. Nilichotaka sasa ni kuifuata harufu ile mpaka inakotoka, na kuona kama mgeni anaweza kuketi mezani kwa mkulima wa Kipsigis jinsi nilivyoketi kwa mkulima wa Toscana.

Kedowa iko Kipkelion Mashariki, kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 iliteremkia hapa kutoka Mau Summit, na vituo vya mteremko huo bado vinahesabika kwenye ramani: Londiani, Kedowa, Lumbwa ambayo leo inaitwa Kipkelion, Fort Ternan, kisha joto la Muhoroni na miwa yake. Fort Ternan wanasayansi wanaijua kwa visukuku vya Kenyapithecus, kiumbe wa kale aliyegunduliwa na kundi la Louis Leakey mwaka 1961. Kipkelion ina kahawa. Sisi wa pwani tukisikia Kericho tunaona chai peke yake, lakini Kedowa ni nchi ya viazi, kabeji, karoti, mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Sokoni kina mama walikuwa wamepanga viazi vya Shangi kwa debe na kwa ndoo, vikiwa bado na udongo. Nilimuuliza mmoja vimetoka wapi. Akanionyesha kilima kwa kidole, akanitajia na jirani aliyevipanda, akaniambia na mvua ilivyochelewa mwaka huo. Maelezo yale yangetosha kubandikwa ukutani Italia. Kule Greve in Chianti soko la Jumamosi hukaa katika uwanja wa pembe tatu, chini ya sanamu ya baharia Giovanni da Verrazzano, na karibu kila jibini lina kibao cha kusema limetoka kijiji gani. Kedowa habari hiyo hiyo ipo, ila imekaa kichwani mwa muuzaji, na inaishia pale lori linapopakiwa. Lori lilikuwa hapo kando. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini magunia niliyoyaona yalikuwa yamejazwa kupita mdomo na kushonewa kamba juu, lumbesa kamili. Mkulima hulipwa kwa gunia. Zile kilo za juu ya mdomo anakwenda nazo dalali.

Kuna jambo jingine la soko ambalo siwezi kuliruka. Nyuma kidogo ya Kedowa, kwenye njia panda ya Londiani, jioni ya Juni 30, 2023, lori lilitoka barabarani likawaingilia wachuuzi na abiria waliokuwa wakisubiri magari. Walikufa watu zaidi ya 50. Tulisimama pale, dereva akazima redio bila kuambiwa. Biashara ya chakula cha barabarani ni raha ya msafiri wa Kenya: mahindi ya kuchoma yanayopitishwa dirishani, karoti zilizooshwa, kabeji kubwa kuliko kichwa. Anayetuuzia raha hiyo anastahili mahali pa kukaa mbali na magurudumu, na hilo ni deni la serikali kwa kina mama wale kabla ya mtu yeyote kuzungumzia utalii.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo, mmoja wa kikundi cha wanawake wanaowapikia wageni kwa zamu majumbani mwao. "Chamgei," alitupokea mlangoni, nasi tukajibu tulivyofundishwa njiani, "Chamgei mising." Alitunawisha kwa maji ya moto kutoka kwenye birika, na katika baridi ile tulitamani asimalize kumimina. Chakula kilikuwa viazi vya kuchemsha, ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji na mgagani. Mgagani ule ndio uliotunyamazisha. Aliuchemsha jana yake, akautia maziwa, akauacha ulale, akaupasha moto leo. Ule uchungu ambao huwafanya watoto wakunje uso ulikuwa umebaki nyuma ya ulimi tu, na maziwa yalikuwa yameganda pembeni mwa sufuria yakawa mtindi mzito wa kukwangua.

Toscana wana ribollita, supu ya maharagwe, mkate mkavu na kabeji nyeusi chungu, nayo haisemwi kuwa imeiva mpaka ilale na kupashwa tena. Ni chakula cha watu waliokuwa hawatupi mkate. Leo kinauzwa mahotelini Firenze kwa bei ya nyama. Nilipowaeleza wenyeji, kogo mmoja aliyekuwa amekaa karibu na meko, bibi mzaa baba wa nyumba ile, aliuliza kama wanaitia maziwa. Nikamwambia wanatia mafuta ya zeituni. Akatikisa kichwa, akamsikitikia sana Mwitalia huyo.

Kisha ikaja mursik, maziwa yaliyochachushwa kibuyuni. Kibuyu chake, sotet kwa Kikipsigis, kilikuwa kimekolea wekundu kwa miaka ya kushikwa, kimevishwa ngozi na shanga shingoni. Mama alichukua kibuyu kingine kitupu atuonyeshe kazi yenyewe. Alitoa kijiti cha mti wa senetwet kwenye moto, ncha ikiwa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu, halafu akatwaa ufito mrefu uliopondwa ncha ukawa na nyuzi, akausaga mkaa ule dhidi ya kuta za ndani. Alizungusha, akageuza, akazungusha tena, akisikiliza sauti ya ufito. Alipokiinamisha, vumbi jeusi lililozidi likamwagika, na tulipochungulia kwa tochi ya simu ndani palikuwa peusi pote, laini, bila doa. Maziwa huchemshwa kwanza, yakaachwa yapoe kabisa, ndipo yakamiminwa. Kibuyu hufungwa na kuwekwa pembeni penye giza.

"Mama, haya yamekaa muda gani?" nilimuuliza.

"Hii ni ya wiki moja," akasema. "Ya wazee naiacha ikae zaidi. Wao wanataka kali."

Alikitikisa kibuyu kwa mikono miwili, akamimina. Rangi ilikuwa nyeupe yenye michirizi ya kijivu cha bluu, na vidonge vidogo vya mafuta juu. Moshi unatangulia puani, halafu ukali wa maziwa, halafu utamu mdogo unaochelewa, ambao mtu akinywa haraka anaukosa. Kikundi chetu kiligawanyika: wengine waliomba tena, mmoja aliishia funda la kwanza. Toscana pia ilikuwa hivyo. Jibini la kondoo la Pienza hukomazwa na baadhi ya watengenezaji ndani ya majivu, na wengine hulifunga kwa majani ya mti wa jozi, na pale pia kuna mgeni aliyekisukuma kipande chake kwa heshima. Majivu na moshi ni elimu ya wafugaji wa nchi nyingi, na wageni wanaolipa fedha nyingi kuiona Pienza wangeikuta Kedowa ikiwa hai, mikononi mwa mama anayeifanya kwa ajili ya watoto wake kabla ya wageni.

Mwanzilishi wa Slow Food, chama cha kutetea vyakula vya kienyeji, Carlo Petrini, alianza harakati zake katika mji wa Bra, Piemonte, mwaka 1986, siku zilezile ambazo Waitalia walikuwa wakiandamana Roma dhidi ya McDonald's kufunguliwa Piazza di Spagna. Chama hicho kimeyaingiza maziwa ya majivu ya Wapokot, ndugu wa Wakipsigis walio kaskazini, katika vyakula vinavyolindwa na jamii zake. Mursik ya Kericho na Bomet inastahili mlinzi wa namna hiyo. Wakenya tunaijua zaidi kwa picha: mwanariadha anashuka kwenye ndege na medali shingoni, anakabidhiwa kibuyu, anakunywa, kamera zinamulika. Ni picha nzuri, lakini haisemi chochote kuhusu mti, ufito wala mama.

Kuipenda mursik hakunifanyi nifiche neno la madaktari. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imekuwa ikipokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio kwa miaka mingi, na watafiti waliopima mursik katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 walikuta asetaldehidi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliongeza kwamba vinywaji vyovyote vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikachangia saratani hiyo hiyo, na hapo ndipo chai yetu inapoingia, maana Mkenya huinywa ikichemka. Mwenyeji mzuri husema yote. Kunywa mursik kwa kiasi, na chai iache ipoe kidogo.

Kuhusu vileo nitasema machache kwa kuwa sikuvionja. Wakipsigis wana bia ya wimbi na pombe ya asali, kipketinik, ambayo ni ya arusi na baraka zaidi kuliko ya kuuza. Anayetaka mvinyo wa Afrika Mashariki kwa nasaba ya Kiitalia aende Dodoma, ambako mizabibu ilipandwa na wamisionari wa Bihawana mwaka 1957, na sasa huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Kutoka Kedowa barabara inateremka kupitia Chepseon, viazi vinapungua, na karibu na Brooke, kabla ya mji wa Kericho, unajikuta umeingia ndani ya chai. Nimeshuhudia watu wakishuka garini hapo wakanyamaza. Nilivyoyaona mashamba ya mizabibu ya Chianti, yana mistari: mzabibu, nafasi, mzabibu, na katikati miti ya mizeituni na misunobari mirefu myembamba. Chai haina nafasi. Ni kijani kimoja kilichokatwa sawasawa kwenye kiuno cha mchumaji, kinapanda kilima na kushuka upande wa pili, kimekatizwa na vijia vya miguu tu na safu za mikaratusi inayokuzwa kuwasha matanuri ya viwanda.

Tofauti kubwa kwa msafiri ni kalenda. Zabibu za Chianti huvunwa mara moja, Septemba na Oktoba, na anayefika Machi ataonyeshwa mapipa na picha. Chai ya Kericho huchumwa mwaka mzima, kichaka kile kile kikirudiwa kila baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mvua haikauki na jua liko karibu. Wiki yoyote utakayochagua utakuta mavuno. Adui wao mkubwa ni mvua ya mawe, ambayo Kericho na Nandi hupigwa nayo kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Mchana mmoja unaweza kugeuza shamba likawa vijiti, na mkulima akakosa kitu cha kupeleka kwa wiki kadhaa. Mwitalia wa Chianti alinieleza hofu hiyo hiyo ya barafu kwa maneno karibu yaleyale.

Tulichuma pamoja na familia moja upande wa Litein. Kidole gumba na cha shahada hukata kichipukizi na majani mawili, mkono unatupa nyuma kapuni bila jicho kufuata. Mchumaji mzoefu hutumia mikono miwili kwa wakati mmoja. Jani la tatu ni gumu, na karani wa kituo cha kununulia majani akiliona atamwaga kapu lote chini lichambuliwe. Kituo chenyewe ni banda la mabati kando ya barabara, na hapo ndipo mahali pa kuijua nchi ya chai. Watu wanapanga foleni na magunia, wanataniana, wanauliza habari za wagonjwa, wanalaumu bei. Mizani inatoa risiti ya kilo. Malipo ya kila mwezi kwa kilo moja ya majani mabichi yamekuwa shilingi 20 na ushei, halafu mwisho wa mwaka wa fedha inakuja bonasi, na kila mtu anajua kwamba bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya Murang'a, Kirinyaga au Meru. Ada za shule, mabati ya nyumba, mahari, vyote vimefungwa kwenye bonasi hiyo.

Kiwanda kimoja cha wakulima kilikubali kutufungulia. Majani hutandazwa kwenye mabirika marefu yenye wavu, yapulizwe hewa mpaka yanyauke. Yanaingia kwenye magurudumu ya chuma yenye meno, yanasagwa na kukatwa, yanatoka kijani cha kung'aa, na mbele ya macho yako, kwa muda usiozidi saa mbili, yanageuka rangi ya shaba. Harufu hubadilika pia: kutoka nyasi zilizokatwa hadi tunda lililoiva. Kisha tanuri, kisha machujio, na mwisho mifuko ya karatasi yenye alama ambazo kwetu Shimanzi kila mpakizi anazijua, BP1, PF1, PD, Dust 1. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja. Jani lililochumwa asubuhi huwa chai kesho yake. Chianti Classico ya daraja la Riserva husubiri miezi 24.

Chumba cha kuonjea kilikuwa na dirisha moja kubwa, meza nyeupe na safu ya vikombe vya kauri vyenye mifuniko. Mwonjaji, kijana wa Bomet, alipima chai kwa mizani ndogo, akamimina maji yanayochemka, akageuza saa ya mchanga. Baada ya dakika tano au sita alivipindua vikombe vyote kwenye bakuli, majani yakabaki kwenye mfuniko, rangi ikasimama peupe. Alianza kwa kuyatazama majani yale ya mfuniko, akisema shaba ikiwa na ukijani, chai imetolewa mapema. Ikiwa na weusi, imechelewa. Kisha kijiko, mvuto mmoja wa nguvu wa kupeleka chai na hewa hadi nyuma ya koo, akatema. "Hii ni ya jana usiku, mvua ilinyesha," alisema kwenye kikombe cha tatu. "Onja tena, mzee, utayasikia maji." Nilionja nikayasikia. Kule Chianti mwonjaji alizungumzia mwaka wa jua na mwaka wa mvua. Kijana huyu aliupata usiku mmoja.

Mchana ule niliandika kwa herufi kubwa: elimu ipo, ulimi upo, chumba kipo. Ninachokosa kukiona ni mgeni mezani, na mfuko wa kuondoka nao.

Katika orodha ya mnada wa Mombasa jina la kiwanda huandikwa. Wanunuzi wanaijua Litein, Mogogosiek, Kapkoros, na bei hutofautiana kwa majina hayo. Jina hufa baada ya mauzo, chai inapochanganywa na ya nchi nyingine ili ladha ya paketi isibadilike mwaka hadi mwaka, ikanywewa Pakistan, Misri au Uingereza. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya husafiri hivyo, kwa magunia. Wakulima zaidi ya 600,000 wanaouza kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai lililoanzishwa mwaka 1964, ndio wenye hisa za viwanda vyao, na wengi wao hawajawahi kuliona jina la kiwanda chao kwenye paketi ya dukani. Chianti walianza kulilinda jina mapema sana: Cosimo wa Tatu de' Medici alichora mipaka ya mvinyo huo kwa amri ya mwaka 1716, na mwaka 1924 wakulima 33 wakaungana kuutetea, wakachagua jogoo mweusi kuwa alama yao.

Miaka hiyo hiyo ya 1920 ndiyo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoingia Kericho. Zilikuta ardhi ambayo Waingereza walikuwa wameshawanyang'anya Wakipsigis, sehemu yake ikiwa imegawiwa maofisa walemavu wa Vita vya Kwanza waliojaribu kulima kitani wakashindwa. Mwaka 1934 sheria maalumu iliwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini, hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walilizungumzia jambo hilo mwaka 2021, na mwaka uliofuata walalamikaji wakalipeleka katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mashamba yenyewe yanaendelea kubadili mikono. Mwaka 2024 Lipton ilitangaza kuyauza ya kwake kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mgeni anayepiga picha kijani kile anapaswa kuelezwa habari hii palepale, na mtu wa hapo hapo.

Nasema hivyo kwa sababu Toscana walinieleza ya kwao. Nyumba ya mawe niliyolala ilikuwa ya mezzadro, mkulima aliyempa mwenye ardhi nusu ya kila alichovuna. Mikataba mipya ya aina hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1964, wakulima wakahamia mijini, nyumba zikabaki magofu, na sheria ya mwaka 1985 ndiyo iliyowaruhusu wenye mashamba kupokea wageni kama sehemu ya kilimo. Sharti lake nalipenda: kilimo lazima kibaki kazi kuu. Anayeweka vitanda bila jembe si mkulima wa kupokea wageni, ni mwenye hoteli, na atozwe kodi ya hoteli. Kwa sharti hilo fedha ya mgeni humfikia anayeamka alfajiri kukamua.

Kericho na Bomet zinaweza kulitumia sharti hilo kesho. Kaunti zitunge kanuni ya kumtambua mkulima anayepokea wageni, ziwawekee kina mama wa Kedowa na Londiani soko salama lenye paa, na zisiwatoze leseni ya mkahawa kwa ajili ya sufuria tatu. Wakurugenzi wa viwanda vya wakulima, nanyi nawaomba: fungueni kile chumba cheupe siku mbili kwa wiki, mwacheni kijana mwonjaji azungumze, na wekeni rafu moja ya chai yenu wenyewe, paketi iandikwe jina la kiwanda, kituo cha kununulia na mwezi wa kuchumwa. Mimi nilitaka kununua nikaambiwa chai yote ina mwenyewe Mombasa. Nikarudi nyumbani kuinunua.

Kwa msomaji anayetaka kwenda: ondoka Nairobi asubuhi na mapema ulale Kedowa au Londiani, kisha ushuke na chai siku inayofuata. Fanya ziara za shamba kabla ya saa saba mchana, kwa sababu mvua ya Kericho hupenda alasiri. Beba sweta hata Januari. Wapigie wenyeji siku kadhaa kabla, mgagani unahitaji kulala na mursik inahitaji wiki. Na msizidi wanane. Jiko la nyumba ya Kedowa haliingizi zaidi ya hapo, na jikoni ndiko kila kitu kinakofanyika.